Taa Mbili kwa Gari Moja: Kurudisha Nuru kwenye Pikapu Zetu Kuukuu

Maandishi ya hotuba ya afisa uhusiano wa polisi kwa madereva, wenye magari, mafundi na wakazi wa kaunti ndogo ya Buhehe, wilaya ya Busia



Tunajua kwamba polisi wanapoitisha mkutano, wengi hujiuliza ni nani aliyeibiwa au ni nani anayetafutwa. Leo hatumtafuti mtu. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limetufanya mara kadhaa tubishe hodi usiku kwenye nyumba za watu tukiwa tumebeba habari nzito. Jambo hilo ni taa za mbele za pikapu zetu kuukuu.

Tumechagua pikapu kwa sababu ndilo gari la watu wa hapa. Ndilo linalopandisha samaki kutoka mwalo wa Majanji, linalobeba muhogo na mahindi kwenda sokoni Busia, linalopeleka mabati na saruji kwa mjenzi na mgonjwa hospitalini. Ndilo pia hubeba jeneza na waombolezaji. Nyingi ya pikapu hizi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha, na bado injini zao zinanguruma vizuri. Mwenye gari huangalia injini, huangalia springi, huangalia matairi. Taa huzikumbuka giza likiingia akiwa tayari njiani, na shehena iko nyuma.

Na giza letu haliingii polepole. Sisi tunaishi karibu na ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na baada ya dakika ishirini hivi nuru ya machweo imekwisha. Saa hiyo ndiyo watu wanaporudi kutoka sokoni na shambani, ng'ombe wanapovushwa barabara, na vijana wa bodaboda wanapokimbiza safari ya mwisho. Zamani, katika barabara ya vumbi yenye mashimo, dereva mwenye taa mbovu alilazimika kwenda polepole apende asipende. Leo wilaya yetu ina lami ya barabara ya Musita–Lumino–Busia/Majanji. Lami imetuletea neema, lakini imeziongezea pikapu hizo mwendo bila kuziongezea macho.

Turuhusuni tuwasimulie tukio moja. Hatutataja jina wala kijiji, kwa kuwa wahusika wako hai na ni majirani wa watu waliopo hapa.

Pikapu moja ilikuwa ikirudi nyumbani baada ya saa moja usiku. Dereva hakuwa amelewa, wala hakuwa akienda kasi. Taa yake ya kushoto ilikuwa ikiwaka. Ya kulia, ile iliyo upande wa katikati ya barabara, ilikuwa imekufa tangu wiki mbili. Kutoka upande wa pili alikuja kijana wa bodaboda aliyebeba abiria mmoja. Mbele ya kijana palikuwa na mzee juu ya baiskeli. Kijana alitazama mbele, akaona taa moja tu, tena iko mbali ukingoni. Akasema moyoni: hiyo ni pikipiki mwenzangu, nafasi ipo. Akatoka kumpita mzee.

Ndugu zetu, nafasi haikuwepo. Palikuwa na mita moja na nusu ya bati isiyo na taa. Abiria alirushwa kwenye majani akavunjika mkono. Kijana alipoteza mguu wake wa kulia, na pamoja na mguu huo akapoteza kazi iliyokuwa ikiwalisha mama yake na wadogo zake watatu. Dereva wa pikapu alikaa chini kando ya barabara, akawa anarudia neno moja: "Sikumwona akitoka, sikumwona akitoka." Naye alisema kweli. Taa iliyokuwa imekufa ndiyo iliyopaswa kumwangazia upande ule.

Siku ya pili mkaguzi wa magari alilikagua gari hilo. Sisi tulidhani angetuambia kwamba balbu ilikuwa imeungua. Akaichomoa taa ya kulia ambayo haikuvunjika, akaiunganisha na betri moja kwa moja, ikawaka. Balbu ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari: pale ulipofungwa kwa boliti palikuwa pamejaa kutu. Tiba yake ilikuwa kulegeza boliti moja, kupiga msasa na kufunga tena. Hakukuwa na kitu cha kununua. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, iliyosubiri wiki mbili, hadi ikagharimu mguu wa mtoto wa watu.

Hilo ndilo lililotuleta hapa. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kwa adabu za ugenini methali hiyo ni nzuri. Barabarani haifai. Gari chongo huwadanganya wengine kuhusu upana wake, na anayelipa gharama ya udanganyifu huo mara nyingi ni mtu asiye na bati la kumkinga.

Kwa hiyo tunaomba tuelewane kwanza juu ya kazi ya taa. Taa ya mbele ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha dereva njia. Ya pili ni kumwonyesha mwingine kwamba gari lipo, liko wapi na lina upana gani. Dereva anayesema "Naijua barabara hii hata nikifumba macho" anafikiria kazi ya kwanza tu. Hata kama anaijua barabara, barabara haimjui yeye. Mwamba wa Tororo mchana huonekana kutoka mbali sana, na hakuna mgeni anayeukosa. Usiku usio na mbalamwezi hata mwamba huo hauonekani. Itakuwaje kwa pikapu?

Tutazame hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tangu dereva aone kitu hadi mguu wake ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imepita. Gari limekwenda mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 35 hadi 40. Jumla ni kama mita 70. Sasa, mwanga wa chini wa taa nzima, ule mnaouita dimu, humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi katika umbali wa mita 50 hivi, na pengine chini ya hapo. Maana yake ni kwamba hata mwenye taa nzuri, akienda 80 kwa dimu, anakimbia mbele ya macho yake. Akishuka hadi 60, atahitaji kama mita 45, naye atasimama kwa shida. Mwenye taa zilizofifia hadi nusu yuko katika hali gani? Huyo hasimami. Huyo hugonga kwanza, kisha akafunga breki.

Sasa tuingie kwenye matengenezo. Tumeketi na mafundi wa umeme wa magari wa pande zote mbili za mpaka, na tunawashukuru waliotufundisha. Wote walituambia neno moja: msianze na kununua. Anzeni na kutafuta ugonjwa. Tutaufuata mpangilio wao.

Hatua ya kwanza ni umeme. Taa ikiwa hafifu, au imekufa upande mmoja, usikimbilie balbu. Washa injini na taa, kisha chukua kipande cha waya, uguse upande mmoja kwenye ncha ya athi ya taa na upande wa pili kwenye hasi ya betri. Taa ikichangamka ghafla, mkosaji amepatikana: ni athi. Fungua boliti, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi kidogo juu yake ili maji yasirudi. Fundi mwenye mita apime pia volti kwenye betri na volti kwenye soketi ya taa wakati taa inawaka. Tofauti ikizidi volti moja, pana ugonjwa katikati: waya uliochoka, plagi iliyoungua, swichi iliyokufa ganzi. Jambo hili si dogo. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu hupungua kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana mtu hununua balbu mpya kila mwezi na bado analalamika kwamba gari halioni.

Katika pikapu nyingi za zamani umeme wote wa taa hupitia kwenye swichi ya usukani. Swichi hiyo imebeba mzigo huo kwa miaka 30, na imechoka. Fundi mzuri ataweka rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, ili umeme mkubwa utoke kwenye betri kupitia fyuzi na kwenda moja kwa moja kwenye taa, na swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Tunasisitiza neno fyuzi. Tumeona magari ambayo fyuzi imebadilishwa kwa kipande cha waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe badala ya gari. Ukiinyima nafasi ya kuungua, gari litaungua badala yake.

Hatua ya pili ni kioo cha taa. Hapa lazima tutofautishe. Pikapu za zamani zaidi zina kioo halisi. Hicho hakigeuki njano. Kikiwa kichafu kinaoshwa, kikipasuka kinabadilishwa, nacho hakipigwi msasa kamwe. Pikapu za miaka ya karibuni zina kioo cha plastiki. Jua letu kali hula utando wa kinga uliopakwa kiwandani, vumbi hukwangua, na plastiki hugeuka njano na kupata ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kioo cha namna hiyo huzuia mwanga usitoke, na mwanga mdogo unaotoka huutawanya hovyo, ukaenda machoni mwa anayekuja.

Ugonjwa huu unatibika. Osheni taa kwa sabuni. Zungushieni rangi ya gari gundi ya karatasi ili msiikwaruze. Chukueni msasa wa maji, muanze na namba 800 au 1000, mfuate 1500, mmalizie na 2000, mkiumwagia maji wakati wote na mkisugua upande mmoja. Msishtuke kioo kikionekana cheupe kama maziwa. Hiyo ni dalili kwamba utando mbovu unatoka. Kisha king'arisheni kwa polishi na kitambaa laini. Mwisho, na hapa ndipo wengi hukosea, pakeni vanishi isiyo na rangi yenye kinga ya jua. Bila kinga hiyo, miezi michache tu ukungu utarudi. Wako wanaosugua kwa dawa ya meno. Dawa ya meno huleta mng'ao kidogo, kwa kuwa nayo ina chembe za kukwangua, lakini haiachi kinga yoyote. Ni kama kumpaka mgonjwa mafuta usoni ili aonekane mzima.

Tatu, tazameni ndani ya taa. Nyuma ya balbu kuna bakuli linalong'aa kama fedha, ambalo kazi yake ni kukusanya mwanga na kuusukuma mbele. Bakuli hilo likiwa limefifia, limebabuka au limeshika kutu, hakuna balbu duniani itakayolisaidia. Na msijaribu kulipangusa kwa kitambaa. Rangi yake ya fedha hutoka pamoja na vumbi. Hapo badilisheni taa nzima. Mkiona maji ndani, ikausheni, tafuteni ufa, muuzibe kwa silikoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa taa ukuta huo ni bei ya taa mpya.

Wenye pikapu za zamani kabisa wana taa za duara za inchi 7 zilizotengenezwa kipande kimoja, kioo na nyuzi za balbu pamoja, kiasi kwamba uzi ukikatika hutupwa zima. Hao tunawapa habari njema. Zipo taa za ukubwa huohuo, za kioo, ambazo balbu yake hutolewa na kubadilishwa peke yake. Balbu hiyo ni ya aina ya H4, inayotumika tangu mwaka 1971, na plagi yake ya meno matatu huingia kwenye soketi ileile ya zamani. Ukifanya mabadiliko hayo mara moja, tangu siku hiyo utanunua balbu tu.

Hatua ya nne ndiyo balbu. Balbu ya kawaida ya H4 ya volti 12 ina wati 60 za fulu na 55 za dimu. Nunueni hiyo. Mfanyabiashara atawaonyesha nyingine ya wati 100 kwa bei inayovutia. Taa mbili za wati 60 huvuta kama ampea 10. Taa mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17. Waya za zamani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zitayeyuka, na pamoja nazo plagi na swichi. Mnapofunga balbu mpya, msiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi hubaki juu yake, sehemu hiyo hupata joto kupita kiasi, na balbu hufa mapema. Ishikeni kwenye chuma au kwa karatasi safi. Tena zibadilisheni zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zilizofungwa siku moja huchoka wakati mmoja.

Na zile balbu nyeupe za LED ambazo vijana wetu wanazipenda? Ndugu zetu, tusilaumiane, tuelezane. Bakuli la taa ya H4 lilipimwa kwa ajili ya uzi mdogo sana ulio mahali pamoja kamili. Ukiweka ndani yake chanzo cha mwanga chenye umbo jingine, mwanga hutoka mahali pengine na kwenda usikotakiwa. Dereva huona weupe mwingi karibu na bampa, akafurahi. Lakini mbele, mbali, haoni zaidi. Na anayekuja haoni chochote. Ikiwa gari lilitoka kiwandani na taa za LED, hilo halina neno, kwa kuwa taa nzima ilitengenezwa kwa ajili yake. Kuchanganya ndiko kunakoleta madhara.

Hatua ya tano ni kulenga taa, na hatua hii husahauliwa kuliko zote. Lisimamisheni gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pimeni urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, mkaweke alama ya urefu huohuo ukutani. Ukiwasha dimu, mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama hiyo. Geuzeni skrubu za taa kwa bisibisi mpaka ufike. Kwa nini tunasema mzigo wa kawaida? Kwa sababu pikapu ikijazwa magunia nyuma, springi hukaa chini na pua huinuka. Taa zilizopangwa gari likiwa tupu sasa huangaza miti na macho ya watu. Dereva anayekuja akipiga fulu kukulalamikia ilhali umewasha dimu, usimtukane. Anakwambia habari za mzigo wako.

Mbele ya ukuta huohuo tazameni jambo la pili, ambalo linatuhusu sisi watu wa mpakani kuliko wengine. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Taa zilizotengenezwa kwa ajili yetu huinua mwanga wa dimu kidogo upande wa kushoto, ili kumwonyesha dereva watembea kwa miguu walio ukingoni, na huuteremsha upande wa kulia ili zisimpofushe anayekuja. Lakini Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na nchi za Ghuba huendesha upande wa kulia, na taa zao zimegeuzwa. Taa za mitumba kutoka huko zinauzwa, zinaingia kwenye pikapu zetu bila shida, na zinapendeza. Zikiwashwa, hupeleka mwanga wa juu moja kwa moja machoni mwa anayekuja, na huwaacha gizani wanaotembea ukingoni. Hakuna bisibisi itakayorekebisha hilo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji aiwashe taa mbele ya ukuta. Mwanga ukipanda kushoto, ni yenu. Ukipanda kulia, mrudishieni.

Sasa tuseme neno juu ya sheria na juu yetu sisi wenyewe. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 hairuhusu gari kutembea usiku bila taa zinazotakiwa, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inasema hivyohivyo. Kuvuka kituo cha pamoja cha mpakani Busia hakuponyi taa mbovu. Gari chongo tutakalolikuta usiku tutalisimamisha, na halitaendelea na safari mpaka taa iwake au kuche. Tunajua samaki huoza. Lakini tumekwisha kuona kinachotokea samaki wakipewa haki ya kupita kabla ya watu.

Pamoja na hayo, hatutaki taa mbovu iwe chanzo cha uhasama kati yetu na ninyi, wala mlango wa mtu yeyote kujinufaisha. Faini halali ina karatasi yake, na hailipwi mkononi gizani. Askari akikuomba vinginevyo, tuletee habari, nasi tutaifikisha kwa wanaosimamia maadili ya askari. Hatuwezi kuwadai ninyi nuru huku sisi tukifanya mambo yetu gizani.

Tena tumeanza na nyumba yetu. Kabla ya kuja hapa tulilipeleka gari tulilokuja nalo mbele ya ukuta. Taa yake ya kushoto ilikuwa juu kupita kipimo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelitambua hilo. Miezi yote hiyo sisi wenyewe tulikuwa tukiwapofusha raia tuliotumwa kuwalinda. Tumeirekebisha. Tunasema haya hadharani ili pasiwe na mtu anayeona aibu kupima taa zake.

Kwa kibali cha Mheshimiwa Mwenyekiti, alama za kipimo zimechorwa kwenye ukuta wa kituo, na mita 10 zimepimwa chini. Dereva yeyote aje jioni kabla ya giza, asimamishe gari, atazame mwanga wake. Tunatoa ahadi mbele ya wazee: atakayekuja mwenyewe kupima hatatozwa kitu, wala hatakamatwa kwa ubovu wa taa alizokuja kuzipima. Fundi atakayejitolea kushika bisibisi siku hizo tutamshukuru, na wateja watamjua.

Kwa wenye magari tunasema: dereva wenu akiwaambia taa imekufa, msimwambie amalize wiki kwanza. Yule dereva tuliyemtaja alikuwa amesema. Kwa akina mama na abiria: kabla ya kupanda jioni, zungukeni mbele ya gari mkatazame. Mna haki ya kukataa kupanda gari chongo, na sauti za abiria watano humgusa dereva kuliko hotuba yetu. Kwa vijana wa bodaboda: neno hili lilizaliwa mipakani hapa, kutoka kwa wale waliobeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na sasa linatumika Afrika Mashariki yote. Lipeni heshima yake. Ukiona taa moja usiku, usiseme ni pikipiki. Sema ni gari mpaka likupite. Na taa zako, ya mbele na ya nyuma, ziwake pia. Kwa wenyeviti wa vijiji na kamati za Mayumba Kumi: ulinzi wa kijiji hauishii kwenye wezi. Mnamjua kila mwenye pikapu katika kijiji chenu. Mkiona chongo, mwambieni kwa upole, kama mnavyomwambia jirani kwamba moshi unatoka kwenye paa lake.

Yule kijana sasa anatembea kwa magongo. Tulimtembelea kabla ya mkutano huu, tukamwomba ruhusa ya kulisimulia lililompata. Alikubali, akatupa ujumbe mmoja kwa madereva. Alisema: "Waambieni sikuwa mzembe. Niliona taa moja, nikaamini."

Ndugu zetu, kila anayeingia barabarani usiku huamini anachokiona. Hana njia nyingine. Mwenye gari la taa mbili zilizo sawa humpa mwenzake ukweli, na mwenye gari chongo humpa uongo, hata kama hakukusudia. Tuondokeni hapa tukiwa tumeazimia kuwa wakweli. Jioni hii, kabla hujawasha gari kurudi nyumbani, muombe jirani yako asimame mbele, uwashe dimu, uwashe fulu, naye akwambie anaona nini.

Penye dharura barabarani pigeni 999 au 112 bila malipo. Mungu awafikishe salama.